Bakapu ya Sevu za Gemu: Namna ya Kuiweka na Kuhakikisha Inarudi

Gemu yenyewe ikipotea unaipata tena. Unaipakua upya, unaazima diski kwa rafiki, maisha yanaendelea. Kisichopatikana tena ni sevu, yaani kumbukumbu ya ulipofikia kwenye gemu: misimu sita ya Master League ya PES, gemu ya mpira, uliyoanza na timu ya daraja la chini, shamba la Stardew Valley lililofika mwaka wa nne, ulimwengu wa Minecraft ambao wewe na wadogo zako mmeujenga tangu likizo iliyopita. Kazi yote hiyo mara nyingi imekaa kwenye faili lisilofika hata MB 10, na watu wengi hawajui liko wapi mpaka siku wanapolihitaji.

Nitakaa zaidi kwenye kompyuta ya Windows na simu ya Android, kwa sababu huko ndiko sevu ziko mikononi mwako mwenyewe. Konsoli zina utaratibu wao na hazikuachii nafasi kubwa, kwa hiyo huko tutapita haraka.

Kabla ya hatua yoyote, shika hili. Nakala moja ambayo kila mara unaiandika upya juu ya ile ya jana haikulindi. Sevu nyingi hazipotei, zinaharibika. Umeme unakatika gemu ikiwa inaandika, faili linabaki nusu. Usiku huohuo unanakili lile faili bovu juu ya nakala nzuri, na sasa una mabovu mawili. Desemba 2020, Cyberpunk 2077 ilipotoka, wachezaji wa PC waligundua kwamba faili la sevu likivuka MB 8 linaharibika na halifunguki tena. Toleo la 1.06 liliondoa kikomo hicho mwezi huohuo, lakini halikufufua sevu zilizokuwa zimeshakufa. Aliyekuwa na nakala ya wiki iliyotangulia alirudi nyuma kidogo akaendelea. Mwenye nakala moja tu, tena ya jana, alianza upya.

Kwa hiyo tunachojenga hapa ni mlolongo wa nakala zenye tarehe, zilizokaa zaidi ya sehemu moja, na ambazo umewahi kuzirudisha ukaona zinafunguka.

Hatua ya 1: Jua sevu zinakaa wapi

Windows haina sehemu moja ya sevu. Kila mtengenezaji anaweka anapotaka, ila kuna mitaa michache inayojirudia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kiboksi kitafunguka, andika %appdata% kisha Enter. Hapo uko ndani ya folda ambayo kwa kawaida imefichwa, na gemu nyingi zinaishi humo. Jirani zake ni %localappdata% na folda ya LocalLow, ambako gemu nyingi zilizojengwa kwa Unity, programu ya kutengenezea gemu, huweka mambo yao. Nje ya hapo, tazama Documents, Documents\My Games, na Saved Games.

Hizi ni baadhi ya anwani unazoweza kwenda moja kwa moja:

Stardew Valley: %appdata%\StardewValley\Saves
Minecraft ya Java: %appdata%\.minecraft\saves
Elden Ring: %appdata%\EldenRing
GTA San Andreas ya zamani: Documents\GTA San Andreas User Files
PES 2017: Documents\KONAMI\Pro Evolution Soccer 2017\save
The Witcher 3: Documents\The Witcher 3\gamesaves
Hollow Knight: AppData\LocalLow\Team Cherry\Hollow Knight

Kwa San Andreas utaona mafaili yanayoanzia GTASAsf1.b hadi GTASAsf8.b, moja kwa kila nafasi ya kusevu. Kwa PES 2017 chukua folda yote ya save, usichague faili mojamoja. Faili la EDIT00000000 lenye majina ya timu na wachezaji limo humo, na ukirudisha ligi yako bila lile EDIT uliloanza nalo unaweza kukuta vikosi vimevurugika. Wanaobadilisha pachi (mafaili ya kusasisha timu na wachezaji) kila msimu wanalijua hili vizuri.

Gemu yako haimo kwenye orodha? Fungua gemu, sevu, toka kabisa. Kisha fungua File Explorer kwenye folda yako ya mtumiaji, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika datemodified:today. Yapange matokeo kwa tarehe. Faili lililobadilika dakika hiyohiyo uliyosevu ndilo unalolitafuta, au angalau liko kwenye folda hiyohiyo. Kama AppData haionekani, nenda kwenye menyu ya View uwashe Hidden items.

Tahadhari moja kuhusu Documents. Kwenye kompyuta nyingi za Windows 11, OneDrive huihamisha folda hiyo bila mwenyewe kutilia maanani, na anwani yake ya kweli inakuwa C:\Users\jina lako\OneDrive\Documents. Nafasi ya bure ya OneDrive ni GB 5. Ikijaa picha na video, inaacha kupandisha chochote, na wewe unaendelea kuamini kwamba sevu ziko salama mtandaoni. Bofya faili kulia, angalia Properties, usome anwani kamili.

Hatua ya 2: Nakala ya kwanza, kwa mkono

Script, yaani faili la amri zinazoifanyia kompyuta kazi hii yenyewe, itakuja, lakini mara ya kwanza fanya kwa mkono ili uelewe unachokishughulikia. Nitatumia Stardew Valley kwa sababu mpangilio wake uko wazi.

Funga gemu kwanza. Hili si la hiari. Stardew huandika sevu pale tu mhusika anapolala, kwa hiyo hatari yake ni ndogo, lakini Minecraft huandika vipande vya ulimwengu muda wote unapotembea. Ukinakili ikiwa wazi unaweza kuchukua mafaili ambayo nusu ni ya dakika hii na nusu ni ya dakika tano zilizopita. Nakala ya namna hiyo inaonekana nzima kwenye folda, inavunjika siku ya kuifungua.

Ukiingia kwenye folda ya Saves ya Stardew utakuta folda yenye jina la mkulima wako, mstari wa chini, kisha namba ndefu, tuseme Zawadi_312845671. Ndani yake kuna faili lenye jina hilohilo, ambalo ndilo shamba lenyewe. Kuna SaveGameInfo, yenye muhtasari unaouona kwenye orodha ya kuchagua shamba. Halafu kuna ndugu zao wawili wanaoishia na _old, yaani hali ya siku iliyotangulia ndani ya gemu. Jina la folda na jina la faili kubwa lazima yafanane. Ukibadilisha moja na kuacha jingine, gemu haitaliona shamba.

Sasa bofya folda ya Saves kulia, ibane iwe zip, na uipe jina lenye tarehe inayoanza na mwaka: Stardew_2025-03-14.zip. Mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, kompyuta itazipanga nakala zako kwa mfuatano sahihi yenyewe. Majina kama "sevu mpya" na "sevu mpya kabisa" hayakusaidii chochote baada ya miezi mitatu.

Zip ina faida nyingine. Faili likiharibika ndani yake, programu kama 7-Zip inaligundua. Bofya zip kulia, chagua Test archive, itakuambia kama ni nzima. Folda ya kawaida iliyonakiliwa haina namna ya kujieleza hivyo.

Hatua ya 3: Irudishe sasa, wakati huna shida

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Zip iliyokaa kwenye flashi inakupa matumaini tu mpaka uone gemu imeifungua.

Funga gemu. Kama iko Steam (duka la gemu za kompyuta), zima kwanza klaudi ya gemu hiyo, yaani nakala yake ya mtandaoni: bofya gemu kulia kwenye maktaba, Properties, kwenye General ondoa tiki ya Steam Cloud. Badilisha jina la folda ya Saves liwe Saves_ya_sasa. Usiifute. Kisha fungua zip yako, toa folda ya Saves uirudishe mahali ile nyingine ilipokuwa. Fungua gemu.

Shamba linaonekana? Liingie. Angalia siku, angalia fedha, tembea mpaka ghalani. Ukiridhika, toka bila kulala, futa ile folda ya majaribio, rudisha jina la Saves_ya_sasa kuwa Saves, kisha washa klaudi. Sasa unajua kwamba ulinakili kitu sahihi na kwamba njia ya kurudi unaifahamu kwa vidole vyako. Ukifanya hivi kwa kila gemu unayoijali, walau mara moja, utagundua mambo ambayo hakuna mwongozo ungekuonya. Gemu fulani huweka sehemu ya maendeleo kwenye rejista ya Windows (hazina ya mipangilio yake), nje ya folda ya sevu. Nyingine hufunga sevu na namba ya akaunti yako ya Steam, kwa hiyo haifunguki kwenye akaunti nyingine. Elden Ring kwa mfano ina folda yenye namba ya Steam, na ndani yake ER0000.sl2 pamoja na pacha wake mwenye .bak.

Hatua ya 4: Iache kompyuta ifanye yenyewe

Kunakili kwa mkono kunadumu wiki mbili, kisha mtu anasahau. Tengeneza folda C:\Bakapu, fungua Notepad, andika mistari hii, kisha uisevu humo kwa jina sevu.ps1. Hakikisha kwenye Save as type umechagua All files, la sivyo itaishia na .txt.

$chanzo = "$env:APPDATA\StardewValley\Saves"
$hifadhi = "D:\Bakapu\Stardew"
$tarehe = Get-Date -Format "yyyy-MM-dd_HHmm"
New-Item -ItemType Directory -Force $hifadhi | Out-Null
Compress-Archive -Path "$chanzo\*" -DestinationPath "$hifadhi\Stardew_$tarehe.zip"
Get-ChildItem $hifadhi -Filter *.zip | Sort-Object LastWriteTime -Descending | Select-Object -Skip 30 | Remove-Item

Mistari miwili ya juu ndiyo utakayobadilisha: sevu zinatoka wapi, nakala zinakwenda wapi. Mstari wa mwisho unabakiza nakala 30 mpya na kuondoa zilizozidi ili diski isijae. Zip hii imebeba vilivyomo ndani ya Saves, bila folda ya Saves yenyewe, kwa hiyo unapoirudisha unaifungulia ndani ya Saves.

Kisha fungua Task Scheduler, chagua Create Basic Task. Kwenye muda wa kuanza, chagua When I log on. Ninaipendelea kuliko saa maalumu, kwa kuwa wakati wa kuingia kwenye kompyuta gemu bado imefungwa, na huhitaji kubahatisha kama saa mbili usiku umeme utakuwepo. Kwenye kitendo chagua Start a program, andika powershell.exe, na kwenye nafasi ya arguments andika:

-ExecutionPolicy Bypass -File C:\Bakapu\sevu.ps1

Ikikunyima ruhusa, ifungue Task Scheduler upya kama administrator. Ukimaliza, fungua Properties za kazi hiyo, nenda Conditions, ondoa tiki kwenye Start the task only if the computer is on AC power. Ukiiacha, laptopu inayotumia betri haitafanya bakapu, na siku za umeme kukatikakatika ndizo unazoihitaji zaidi.

Mtu anayewasha na kuzima kompyuta mara tano kwa siku atamaliza nakala 30 ndani ya wiki moja. Kwa hiyo ndani ya D:\Bakapu\Stardew tengeneza folda nyingine iitwe Kudumu, na kila mwezi nakili humo zip moja unayojua ni nzima. Ile script haiingii kwenye folda za ndani, kwa hiyo haitazigusa.

Kama una gemu nyingi na hutaki kuandika script kwa kila moja, pakua Ludusavi. Ni programu ya bure na huria, inafanya kazi Windows, Linux na Mac, na inazijua anwani za sevu za maelfu ya gemu kwa kutumia taarifa za PCGamingWiki. Unabonyeza Preview, inakuonyesha ilichokipata, kisha Back up. Kwenye mipangilio yake ongeza idadi ya nakala kamili inazotunza, kusudi ufuate kanuni ileile ya kutoandika juu ya nakala ya jana. Ninaiamini. Lakini hata kwayo, hatua ya 3 iko palepale.

Kama unapendelea robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafolda, tumia /E, uiepuke /MIR. Hiyo ya pili hufanya upande wa nakala ufanane kabisa na upande wa chanzo. Sevu zikifutika kwenye kompyuta, itazifuta na kwenye bakapu.

Hatua ya 5: Zisikae zote sehemu moja

Mpiga picha Peter Krogh aliisambaza kanuni ambayo watu wa kompyuta wanaiita 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikae nje ya nyumba. Inafaa kwa sevu kama inavyofaa kwa picha za harusi.

D: ya kompyuta yako huenda isiwe chombo cha pili. Laptopu nyingi zina diski moja iliyogawanywa vyumba viwili, C na D. Diski ikifa, vyumba vyote vimekwenda. Fungua Disk Management uangalie: zote mbili zikiwa kwenye mstari wa Disk 0, hiyo ni diski moja. Katika hali hiyo, D inakulinda dhidi ya kufuta kwa bahati mbaya na dhidi ya kupiga Windows upya, basi.

Chombo cha pili kwa wengi wetu ni flashi. Hapa uwe mkali. Sokoni kuna flashi zinazojitangaza GB 512 au TB 1 kwa bei ya soda chache, na ndani yake kuna GB 8 au 16. Zinapokea mafaili bila kulalamika, zinaonyesha majina yao yote, lakini yaliyozidi uwezo wa kweli yameandikwa hewani. Kabla hujaiamini flashi mpya, ikiwa bado tupu, ipime kwa H2testw. Programu hiyo inaijaza data kisha inaisoma tena, na mwisho inakuambia ni kiasi gani kimerudi salama. Flashi kubwa inachukua muda mrefu, iache ifanye kazi. Kwa sevu, flashi ya GB 16 ya kweli inatosha miaka. Na unapoichomoa, pitia Eject kila mara.

Nakala ya tatu ni ya mtandaoni. Google Drive inakupa GB 15 bure, ila zinagawana na Gmail na Google Photos. Sevu za Stardew zilizobanwa ni MB chache, hazitakula bando lako. Ulimwengu wa Minecraft unaweza kufika mamia ya MB, huo upandishe ukiwa kwenye waifai. Telegram nayo inafaa: jitumie zip kwenye Saved Messages, inakaa kwenye seva zao na inapokea faili hadi GB 2. WhatsApp sikushauri kwa kazi hii. Faili ulilojitumia linaishi kwenye simu yako, na simu ikipotea linakwenda nayo.

Usichanganye bakapu na usawazishaji. Syncthing (programu ya kufananisha mafolda ya vifaa viwili), OneDrive na Steam Cloud kazi yao ya kwanza ni kuhakikisha sehemu mbili zinafanana. Ukiharibu upande mmoja, wanapeleka uharibifu upande wa pili kwa uaminifu uleule. Zitumie, zinasaidia sana laptopu ikiibwa, lakini ziwe juu ya zip zako zenye tarehe. Steam Cloud pia haimo kwenye kila gemu. Angalia alama ya wingu kwenye ukurasa wa gemu kabla ya kuitegemea.

Kwenye simu

Sehemu kubwa ya wanaocheza huku kwetu wanacheza kwenye Android, na wengi wao wanacheza gemu za PSP kwa PPSSPP, programu inayoigiza mashine ya PSP. Habari njema ni kwamba sevu zake ni mafaili ya kawaida unayoweza kuyashika. Habari mbaya ni kwamba watu hufuta programu wakidhani folda itabaki.

Tangu Android 11, programu haziruhusiwi kuzagaa kwenye hifadhi ya simu kama zamani. Unapoifungua PPSSPP mara ya kwanza inakuuliza folda ya PSP iwe wapi. Chagua kutengeneza au kuteua folda yako mwenyewe, kwa mfano kwenye hifadhi ya ndani, folda iitwe PSP. Ukichagua hifadhi binafsi ya programu, kila kitu kinafutika siku unapoiondoa PPSSPP. Kama ulishachagua hivyo, usiifute programu kabla hujaibadilisha folda ya Memory Stick kwenye mipangilio na kuona sevu zimehamia huko.

Ndani ya folda ya PSP kuna mbili za kuzijua. SAVEDATA ina sevu za kweli, zile ulizosevu kwa menyu ya gemu yenyewe, kila moja kwenye folda inayoanza na herufi na namba za gemu, kama ULES au ULUS. PPSSPP_STATE ina mafaili ya .ppst, yaani zile za kugandisha hali popote ulipo. Nakili zote mbili, lakini tegemea SAVEDATA. Zile za kugandisha zinabeba kumbukumbu nzima ya mashine kama ilivyokuwa, na toleo jipya la PPSSPP linaweza kushindwa kuzisoma. Sevu ya kawaida inavuka matoleo, inavuka simu, inakubali hata PPSSPP ya kompyuta. Kabla ya kusasisha programu, ingia kwenye gemu, sevu kwa menyu yake, ndipo uendelee.

Kunakili ni rahisi: funga PPSSPP, fungua programu ya mafaili inayoweza kutengeneza zip, ibane SAVEDATA iwe zip, weka tarehe, itume Drive au Telegram. Wanaocheza gemu za PS2 kwenye kompyuta kwa PCSX2, programu ya namna hiyohiyo, watafute folda ya memcards, Mcd001.ps2 ni memori kadi yako nzima ya MB 8, na kunakili hilo faili moja kunatosha.

Minecraft ya simu ina njia yake nzuri: bonyeza kalamu pembeni ya ulimwengu, shuka mpaka Export World, utapata faili la .mcworld ambalo simu nyingine inalifungua moja kwa moja.

Bakapu ya Google ya simu nzima usiihesabu. Kwa kila programu haizidi MB 25, na mtengenezaji anaweza kuizima. Kwa gemu za mtandaoni kama Free Fire hakuna faili la kunakili, maendeleo yako kwenye seva zao. Kilicho chako ni akaunti. Kama unacheza kama mgeni, iunganishe leo na Google au Facebook, kabla simu haijabadilishwa.

Konsoli, kwa kifupi

PS4 inakubali flashi ya FAT32 au exFAT. Nenda Settings, Application Saved Data Management, Saved Data in System Storage, Copy to USB Storage Device. Sevu imefungwa na akaunti yako ya PSN (mtandao wa PlayStation), kwa hiyo ukiipeleka kwenye mashine nyingine lazima uingie kwa akaunti hiyohiyo. Anayecheza kwenye kibanda cha gemu aingie kwa akaunti yake kila mara, maana sevu iliyokaa kwenye akaunti ya wote kila mtu anaweza kuandika juu yake. Na fundi akitaka kuiwasha PS4 kwenye Safe Mode, Rebuild Database haifuti sevu, Initialize PS4 inafuta.

PS5 hairuhusu kunakili sevu za gemu za PS5 mojamoja kwenye flashi. Za PS4 tu. Za PS5 zinahitaji klaudi ya PS Plus, huduma ya kulipia ya PlayStation, au bakapu ya mashine nzima kwenye diski ya nje. Xbox hupandisha sevu mtandaoni bure. Nintendo Switch huziweka ndani ya mashine, haiziandiki kwenye kadi ya microSD, na klaudi yake ni ya kulipia.

Sevu ikiwa imeshaharibika

Umefungua gemu, shamba halipo, au linaganda kwenye kupakia. Usianze gemu mpya kwenye nafasi hiyohiyo. Usibonyeze kusevu popote. Toka, zima intaneti kama gemu ina klaudi, kisha nakili folda nzima kama ilivyo, bovu hivyohivyo, na uiite jina linaloeleweka. Chochote utakachojaribu kuanzia hapo, utakuwa na pa kurudia.

Kabla ya kugusa bakapu yako, angalia kama gemu imejiwekea akiba. Kwa Stardew, yahamishe nje mafaili mawili makuu, kisha yale yenye _old yaondolee _old kwenye majina yao. Utarudi siku moja nyuma ndani ya gemu. Kwa Minecraft, level.dat ikiwa bovu, level.dat_old inaweza kuchukua nafasi yake kwa kubadilishiwa jina. Minecraft pia ina kitufe cha Make Backup kwenye Edit, na kama uliwahi kukitumia, zip zake ziko %appdata%\.minecraft\backups. Kwa wa Steam, ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari, fungua store.steampowered.com/account/remotestorage, utaona mafaili yaliyoko kwenye klaudi na unaweza kuyapakua mojamoja.

Ikishindikana, rudi kwenye zip zako, ukianzia ya karibuni kabisa kurudi nyuma. Hakikisha klaudi ya gemu hiyo imezimwa, vinginevyo Steam itaona ile bovu ni mpya zaidi na kuirudisha juu ya unayoiweka. Weka sevu ya zamani mahali pake, fungua gemu, ingia, tembea kidogo. Ikiwa sawa, sevu mara moja ndani ya gemu ili ipate tarehe ya leo, toka, kisha washa klaudi. Ukiulizwa ni mafaili gani yabaki, soma tarehe za pande zote mbili na uchague ya kompyuta hii.